Maneno Kumi na Matano

Mpaka leo nikisikia neno "sabuni", kichwani mwangu linafuata "daraja", kisha "kofia", kisha "ufunguo". Ndiyo manne ya mwanzo kati ya maneno kumi na matano niliyokuwa nikiyasoma kwa sauti nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, msaidizi katika maabara ya saikolojia. Nayakumbuka kuliko tarehe ya mahafali yangu.

Maabara lilikuwa jina tu. Kilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofungika mpaka ulipige teke, na dirisha lililobandikwa karatasi ili mtu asichungulie nje mawazo yakampotea. Profesa wetu alichunguza kumbukumbu za wazee. Tulimwita Saa, kwa siri, maana hata chai aliinywa akiangalia mshale wa sekunde. Kazi ilikuwa rahisi kuieleza: unamsomea mzee maneno kumi na matano, moja kila sekunde mbili, mnazungumza mambo mengine nusu saa, kisha unamwuliza anakumbuka yapi.

Ugumu ulikuwa usoni. Hutabasamu akipatia, hukunji uso akikosea, huitikii kwa kichwa. Unasema "Asante, tuendelee" na hapo unakoma. Mimi natoka kwenye ukoo ambao mtu akisimulia jambo, wote tunatikisa vichwa kama mijusi juani. Siku ya kwanza Saa alinitazama nikijaribu, akasema, "Uso wako unamtajia mtu majibu. Nakupa wiki moja uukaushe. Ukishindwa nachukua mwingine."

Tuliomba watu arobaini, tukachukuliwa wawili. Kazi ile niliitaka kufa na kupona. Basi nikafanya ujinga. Karatasi ya maneno ilikuwa na maandishi mekundu, "Isitolewe chumbani", nami nikaikunja nikaitia mkobani. Kila jioni, wiki nzima, nilimkalisha bibi yangu jikoni akichambua maharage, nikamsomea.

"Sabuni," nikasema.

"Ipo chini ya beseni."

"Bibi, hutakiwi kujibu."

"Unaniambia sabuni halafu ninyamaze? Mke mwenzangu, na uso huo nani atakuoa?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Siku ya tano uso ulikuwa umekauka. Saa akanikubali.

Miezi miwili baadaye tulipungukiwa na wazee. Msaidizi mwenzangu, kijana mpole niliyemwita Rula kwa jinsi alivyonyoosha kila kitu, akaniuliza kama nyumbani kwetu hakuna mzee. Bibi aliposikia tu, alikuwa ameshavaa viatu. Nilipaswa kusema hapana. Lakini wiki ile alikuwa ameunguza sufuria mbili na kuniita kwa jina la mama yangu. Nikajidanganya: mtu anayesahau sufuria motoni atakumbuka wapi maneno ya miezi miwili iliyopita?

Ndugu hampimi ndugu yake, kwa hiyo aliingia na Rula, mimi nikabaki koridoni. Rula alitoka akiwa ameusahau uso mkavu.

"Yote," akasema. "Kumi na matano. Tena kwa mpangilio."

Hakuna mzee aliyewahi kuvuka kumi na moja. Saa mwenyewe alitoka kumpa Bibi mkono, akausahau mshale wake. Kufika nyumbani, Bibi akautangazia mtaa mzima.

Siku tatu nilipiga hesabu. Nikisema, kazi imekwenda, na Bibi ataaibika mbele ya majirani zake. Nikinyamaza, kazi ya Saa ya miaka tisa itabaki na uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu. Siku ya nne nikapiga moyo konde. Nilimweleza Saa yote nikiwa nimesimama, karatasi mkononi.

Uso wake haukusema kitu. "Asante," akasema. "Tuendelee." Akachukua kalamu na rula, akapiga mstari juu ya mshiriki namba arobaini na moja. "Mpaka mwisho wa muhula hupimi mtu, utapanga mafaili. Na Bibi yako utamwambia wewe. Sitaki abaki na sifa isiyo yake."

Mafaili niliyapokea kwa mikono miwili. La Bibi ndilo nililoliogopa. Nilimkuta jikoni na maharage yake, nikamwambia matokeo yamefutwa kwa sababu yangu, kwamba nilimsomea maneno kabla.

"Kwani ulidhani sijui?" akasema, mikono ikiendelea kuchambua. "Tangu wiki ile nayarudia kila siku nikiosha vyombo."

"Kwa nini, Bibi?"

"Mwanafunzi akifeli, anayefukuzwa ni mwalimu. Nilijua siku moja utanipeleka. Na mimi siku hizi..." Akaitazama sufuria yenye kitako cheusi. "Sikutaka wakujue kwa bibi anayesahau."

Nililia pale pale. Nimeikumbuka siku ile mara ngapi, sijui, lakini kila nikiikumbuka napatamani pale jikoni, na yeye akinitupia kanga yake: "Kausha uso, mke mwenzangu."

Sasa mimi ndiye ninayewapa wanafunzi wiki moja ya kukausha nyuso zao. Kabati letu linafungika, na hilo hunisikitisha kidogo.

Mwaka wake wa mwisho Bibi hakuijua sufuria, wala mama, wala mimi. Alinipokea kwa adabu kama mgeni. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, akanitazama, akakaa vizuri.

"Sabuni," akasema. "Daraja. Kofia. Ufunguo."

Alikwenda polepole, moja baada ya jingine, mpaka la tisa. Hapo akakwama, akaanza kunitafuta usoni, kama wazee wote walivyokuwa wakinitafuta. Kazi yangu yote inasema ningojee.

"Mvua, Bibi," nikamwambia.

"Mvua," akasema, na kwa kila lililofuata nikaitikia kwa kichwa, mpaka yakaisha.

"Nimepata yote?"

"Yote."

"Basi waambie," akasema, akajilaza tena, "wasimfukuze mjukuu wangu."

Nikamwambia nitawaambia.