Mgeni Asimame

Filister, au Mama Caren kama wengi walivyomwita, alikuwa na ugonjwa wa kukaribisha watu. Kanisani Uriri ndiye aliyesimama mlangoni, matangani ndiye aliyegawa viti, na tangu afungue jimu yake ya kuinua vyuma nyuma ya agroveti, duka la dawa za mifugo na mbegu, hakuna aliyeingia bila kushikwa mkono na kuulizwa habari za nyumbani kwao, kuanzia watoto hadi ng'ombe.

Bhoke aliyavumilia hayo kwa sababu hakuwa na jimu nyingine. Alishona sare za shule kwenye duka la nguo, na kichwa chake hakikujua kuacha sauti nje: cherehani ya jirani, redio, simu ya mteja, vyote viliingia kwa pamoja vikakaa. Kazi mbili zilishamshinda kwa ajili hiyo. Kisha akagundua kwamba uzito wa chuma mabegani humtuliza. Akawa anakwenda jimu mchana, watu wakiwa wachache, na akirudi aliweza kushona hadi jioni bila kuziba masikio. Bila jimu, hata kazi hii ya tatu ingekwenda na maji.

Siku moja akajikaza, akamweleza Filister. Filister alisikiliza kwa makini sana, jambo ambalo lilipaswa kumtia Bhoke wasiwasi. Wiki hiyo hiyo akaenda Homa Bay kuhudhuria semina kuhusu watu ambao ubongo wao hufanya kazi kama wa Bhoke. Mwezeshaji alisema mengi juu ya taa, kelele na utulivu. Filister alirudi na sentensi moja tu: wajisikie wamekaribishwa.

Bhoke alipoingia Jumanne mchana, alikuta wanachama wote wamejipanga, baluni zimefungwa kwenye vyuma, na spika imeazimwa kanisani. Joash, fundi wa pikipiki mwenye sauti ya kunadi ng'ombe katika soko la Ogwedhi, alikuwa ameshika maiki.

"Mgeni wetu asimame!" akanguruma, ingawa Bhoke alikuwa amesimama. "Atuambie jina, anatoka wapi, na neno moja la kutujenga! Tumpigie makofi ya kilo!"

Makofi yakapigwa. Spika ikapiga yowe. Bhoke akageuka, akaenda moja kwa moja hadi dukani, chini ya meza yake ya kushonea, akajifunika kichwa kwa kitambaa cha sare. Huko nyuma wanachama wakakubaliana kwamba anaringa, kisha wakanywa soda aliyokuwa amenunuliwa.

Kushona kulimshinda siku ile na iliyofuata. Mwenye duka akamwambia kwa upole kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu, na kama hawezi, aseme mapema. Bhoke aliogopa sana.

Jioni Filister akaja, akachungulia chini ya meza alikojificha tena Bhoke, akamwita kwa Kijaluo, binti wa Wakuria.

"Yawa, nyar Kuria, tulikukosea wapi? Hata soda nilinunua!"

"Mama Caren, hii karibu yako inaniumiza."

"Sasa nikukaribishe aje?"

"Usinikaribishe. Nikiingia, niache tu."

Filister akaketi sakafuni. Angeambiwa auze jimu, asingeumia hivyo.

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

"Watu watasema nimekuchukia."

"Wacha waseme."

Kesho yake mchana hakukuwa na spika wala baluni. Filister alikuwa ameketi akitazama ukuta, ameikalia mikono yake, jasho likimtoka ingawa hakuwa ameinua kitu. Joash alitaka kufungua kinywa, Filister akamkanyaga mguu.

Bhoke akaweka chuma mabegani. Akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Kichwa kikanyamaza, na furaha ikamjia wazi, furaha ya mtu aliyeingia mahali asiulizwe chochote. Alipomaliza akajifuta jasho.

"Kesho nakuja tena," akasema, akatoka.

Filister akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Alipokuwa akipita nyuma ya ua, Bhoke alimwona amesimama kwenye kamba ya nguo, akiziambia taulo kwa sauti ya chini: "Karibu sana, nyar Kuria. Karibu kabisa. Jisikie uko nyumbani."

Bhoke akapita polepole, asije akamkatiza.