Saini Ishirini na Mbili za Don Fermín

Kama kuna mtu mjini Tehuacán aliyejua kupamba herufi, alikuwa Fermín Zacaula, mchora mabango. Bucha, vinyozi, wauza chapati za tortilla, wote walikwenda kwake, na herufi zao zilitoka na vivuli na mikia kama jogoo wa sikukuu. Kusoma kulikuwa shughuli nyingine. Tangu aache shule hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja, na bado alikuwa akiwaambia wateja, bila haya, kwamba yeye ni mtu wa maandishi.

Basi binti yake Yaretzi, wa darasa la nne, alipoleta karatasi ya usomaji ya Oktoba, mtu wa maandishi akaipokea kwa madaha. Sharti lilikuwa jepesi: kila siku ya shule mtoto amsomee mzazi kwa sauti dakika ishirini, kisha mzazi atie saini kwenye kisanduku cha siku hiyo. Ijumaa ya mwisho mzazi na mtoto wasimame darasani wakieleze kitabu pamoja. Mama yake, Eulalia, alikuwa zamu ya jioni kwenye kiwanda cha kushona jinzi, kwa hiyo kazi ikamwangukia baba. Fermín akachukua kalamu siku ya kwanza hiyohiyo, akatia saini zote ishirini na mbili, kila moja na mkia wake, akazipuliza zikauke.

"Umesaini mpaka tarehe thelathini," Yaretzi akasema.

"Kwani tarehe thelathini hutasoma?"

"Nitasoma."

"Basi mimi nimekuamini mapema, mwanangu."

Jibu hilo lilimpendeza mwenyewe hata akawasimulia wateja wawili.

Kila jioni mtoto alikaa kwenye kibanda cha kazi cha baba, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kitabu mapajani, akingoja baba amalize herufi moja tu. Herufi moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa bango zima. Mwishowe akawa anasoma kimyakimya. Jioni moja, katikati ya mwezi, Fermín akamwona macho mekundu na kamasi zinamtoka. Alipomuuliza ana nini, akajibu hana kitu. Fermín, mjuzi wa mambo yote, akamwambia hiyo ni tapentaini ya kuyeyushia rangi, akakae mlangoni apate hewa. Kisha akarudi kwenye bango la muuza kuku.

Asubuhi ya Ijumaa yenyewe, huku akinywa uji wake wa atole, ndipo alipokumbuka kwamba kuna kitabu. Kiliitwa Mbwa wa Kituo cha Mwisho. Akasoma sura ya kwanza: kijana Nicandro anaokota mtoto wa mbwa kando ya reli na kumwita Tizne. Akasoma ya mwisho: Nicandro, sasa ana masharubu, amekaa kwenye benchi la kituo na mbwa amelaza kichwa juu ya kiatu chake. Katikati kulikuwa na kurasa mia na kumi. Fermín akazipitisha kwa kidole gumba, akaona hazina haja. Mbwa kaingia, mbwa yupo mwishoni, kilichobaki si kubweka tu?

Darasani wazazi walijibana kwenye viti vya watoto. Yaretzi akaanza vizuri, akaeleza kituo na reli na Nicandro, kisha alipofika katikati akakwama. Fermín akadhani kasahau. Akajitosa kumwokoa. Alizungumza juu ya uaminifu, juu ya Tizne aliyezeeka pamoja na bwana wake mpaka manyoya ya uso yakawa meupe, na hapo akaweka mkono kifuani.

Kisha msichana mmoja wa mbele, ambaye alikuwa amekisoma kitabu hicho Septemba, akainua kidole.

"Lakini Tizne anakufa. Sura ya saba. Anagongwa na gari moshi. Yule wa mwisho ni mbwa mwingine."

Mwalimu Obdulia akaitazama ile karatasi yenye saini ishirini na mbili, akamtazama mwenye saini. "Don Fermín, hii sura ya saba mliisoma?"

Maji yakamfika shingoni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale mbele ya ubao. Ni Yaretzi aliyejibu, macho kwenye viatu vyake.

"Anaijua, mwalimu. Nilipomsomea alilia sana. Hapendi kuisema."

Akina mama wakamtazama Fermín kwa huruma. Mmoja akampa karatasi laini ya kufutia macho. Na ili aibu ikamilike, akaipokea.

Walipata kumi juu ya kumi. Njiani Fermín alitaka kuomba radhi, na kila alipofungua mdomo yakatoka maneno juu ya hali ya hewa. Alijua sasa nani alilia, na wapi, na ni nani aliyemfukuzia mlangoni. Iliuma vibaya.

Kitabu kilikuwa cha kurudishwa Jumatatu. Jioni ile akafunika makopo yote ya rangi, akampa mtoto kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo, akafungua sura ya saba. Yaretzi akachora kisanduku kimoja cha saini kwenye karatasi ya daftari, kalamu akaichomeka nyuma ya sikio.

Fermín alisoma polepole, neno kwa neno, kama anayepaka. Tizne akakimbia kando ya reli. Gari moshi likapiga honi. Nicandro akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, na hapo sauti ya Fermín ikakatika. Akajifuta uso kwa kitambaa cha brashi, akajipaka bluu mpaka sikioni.

"Ni tapentaini, baba?"

"Hapana," akasema. "Siyo tapentaini. Wala yako haikuwa tapentaini. Nisamehe, mwanangu."

Yaretzi akainua macho kwenye saa ya ukutani.

"Dakika kumi na nne," akasema. "Bado sita."