Kivuli cha Seremala Kimepata Kibali

Ofisi ya bima ilipokuwa inafunguliwa asubuhi, benchi lilikuwa limeshajaa ndala. Wenyewe walikuwa kazini; ndala ndizo zilizowashikia foleni, na hakuna aliyethubutu kusogeza ya mwenzake. Kisha akaja meneja mpya, akasema zinaharibu sura ya ofisi, zikatupwa nje. Kuanzia hapo akahudumiwa aliyepo tu.

Seremala hakuwa na nafasi ya kushinda pale. Alikuwa na pumu, na daktari alishamwandikia dawa ya kuvuta, ila duka la dawa halikuitoa bila kibali cha bima. Akasubiri jua liingie dirishani, akabandua kivuli chake, akakiacha kimekaa benchini, akarudi kwenye mbao zake. Mlinzi alikiomba tu kikunje miguu, watu wapite.

Kivuli kilikaa wiki nzima. Hakikulalamika, hakikuomba maji, hakikuuliza meneja yuko wapi. Ofisi haikuwahi kupata mteja mzuri kama huyo.

"Mwenye pumu!" afisa wa dirishani akaita. Kivuli kikasimama. Afisa akakitazama juu hadi chini.

"Pole, mzee. Umekonda kweli." Akagonga muhuri.

Mfamasia alipoweka kopo la dawa kwenye kiganja cha kivuli, likageuka kivuli cha kopo. Nyumbani seremala akajaribu kulishika, vidole vikagusa ukuta. Kivuli kikavuta mara mbili, kama kilivyoelekezwa, na kifua kikafunguka.

Mke wa seremala akaenda ofisini kwa yule afisa wa dirishani.

"Mwanangu, anayeumwa ni mume wangu. Dawa mmekipa kivuli chake."

"Mama, kwenye mfumo mgonjwa ameshapata dawa, anaendelea vizuri."

"Kinachoendelea vizuri ni kivuli!"

"Kwani kivuli si chake?" afisa akauliza kwa upole. "Tukimpa na yeye, mtu mmoja atakuwa amepewa mara mbili. Huo ni wizi, mama."

"Njoo basi usikie kifua kinavyolia usiku."

"Aombe upya. Ila aje na kivuli chake, tuhakikishe ni yeye."

Lakini kivuli siku hizi hakikai nyumbani. Kinapanda ngazi mbili mbili, kinapiga mluzi, kinarudi kikijisikia. Ofisi imekipiga picha, ikaandika chini yake: Pumua, tupo nawe. Ikaagiza fremu kwa seremala.

Seremala alipiga randa, akakaa, akatafuta pumzi, akapiga tena, huku mkewe akimpepea kwa kipande cha boksi. Walipoipeleka, meneja akazisifia pembe zake na kuitundika juu ya benchi. Aliuliza jambo moja tu: mbona imechelewa.