Matundu Kumi na Mawili

Asubuhi ile nilikuta matundu yangu yote kumi na mawili ya hewa yamezibwa ukutani: sita ya chini kwa majani ya mgomba, sita ya juu kwa matambara. Hasira zikanipanda. Nyumba ile ya wagonjwa ya misheni ndiyo ya kwanza niliyoichora mwenyewe, na aliyelala humo ni dada yangu Felista, aliyejifungua siku nne nyuma.

"Nani kaziba?"

"Siku hizi shikamoo hakuna?" akauliza mkunga, Bibi Magdalena, akichochea moto wa mzazi katikati ya chumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimeziba mimi. Mtoto anapoa."

Nilimshika mtoto miguu. Ilikuwa ya baridi kama mawe ya mtoni. Kwetu Waluguru mtoto wa dada ndiye wa ukoo wangu, ndiye atakayerithi jina langu. Niliowazaa mwenyewe ni wa ukoo wa mama yao. Niliogopa, sikatai.

Lakini moshi nao ulikuwa umejaa hadi darini, na mtoto akaanza kukohoa. Nikazibua. Ukungu ukaingia kama mwenye nyumba, mtoto akatetemeka. Nikaziba, akakohoa. Nikazibua tena, nikaziba tena.

"Kaka, amua basi," alisema Felista. "Mwanangu si tofali la kujaribia."

Ningeamua nini? Kule Morogoro mjini Padre wa misheni yetu alinifundisha kwamba hewa ya moto hupanda na ya baridi huingia chini. Toboa chini, toboa juu, nyumba itajipoza yenyewe. Nilifanya hivyo kwa mchoro wake kwenye nyumba ya wakubwa wa reli, nikasifiwa. Nikapanda na vipimo vile vile hadi huku Uluguru. Mimi niliyezaliwa humu humu kwenye ukungu nimejenga nyumba ya kujipoza! Hata leo sielewi akili yangu ilikuwa wapi.

Padre akaingia na mchoro, akaukagua mstari kwa mstari.

"Mchoro ni sahihi, Alois."

Sahihi, na mtoto anakufa kwa baridi. Yote mawili yalikuwa kweli, na kichwa changu hakikuwa na nafasi ya yote mawili.

Nikamchukua mtoto, nikamweka kifuani, nikaanza kutembea polepole kandokando ya ukuta. Upande wa mlimani alilia. Mlangoni alilia. Kwenye pembe ya bondeni, tambara moja la juu lilikuwa limeanguka. Moshi ulitokea hapo, na miguuni pangu hapakuwa na upepo. Akanyamaza. Nikasogea hatua moja, akalia. Nikarudi, akanyamaza.

"Ya chini yote yabaki yamezibwa," nikamwambia Bibi Magdalena. "Ya juu fungua ya huku bondeni tu."

Moshi ukapungua. Ni upepo, ni ukuta, au ni bahati? Sikujua. Nikaketi pale pale sakafuni.

Padre alichutama mbele yangu, penseli mkononi. "Kwa nini hapa? Niandike nini kwenye mchoro?"

Nikamwomba angoje, mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala.