Gati Letu Mbele ya Korongo

Usiku wa jana niliota gati letu limeingia sebuleni na kuomba kiti.

Kwa asiyetufahamu: mimi ni Minza, nakaa na mume wangu Luhende kando ya ziwa, hapa Mwanza, na nyuma ya nyumba tuna gati la mbao tulilolijenga wenyewe. Boti hatuna. Tumempangisha Mwinshehe, Mzaramo mmoja mwenye boti ya kijani, aifunge pale. Siku hizi mtaani hakuna maneno mengine: halmashauri inatunga sheria ya magati ya majumbani, na litakalokutwa limepangishwa litang'olewa. Nalipenda lile gati. Nikigombana na Luhende huwa naenda kukaa pale nchani mpaka hasira iishe, na kwa ndoa yetu ilivyo, nimekaa sana.

Basi likaingia, miguu yote ikichuruzika maji, magugumaji yamening'inia kiunoni. Likakaa kwenye kochi, kochi likajaa.

"Shikamoo mama," likasema.

"Marahaba. Umefuta miguu?"

"Sijafuta. Tunaitwa halmashauri sasa hivi. Wanataka kuning'oa."

Nikajifunga khanga vizuri, nikafungua mlango wa jikoni, na jikoni hapakuwa tena jikoni.

Ni ukumbi wa halmashauri. Maji yamefika magotini, na majirani zangu wameketi juu ya ndoo zilizofudikizwa. Mwenyekiti ni korongo, mmoja wa wale wanaoshinda sokoni wakingojea utumbo wa samaki. Amevaa miwani. Hakuna anayeshangaa, wala mimi sishangai.

"Kanuni ya kwanza," anasema korongo. "Gati la makazi ni lile linaloishi na watu. Wewe gati, unaishi?"

"Naishi, mheshimiwa."

"Pumua tuone."

Gati linapumua. Mbao zinapanda, zinashuka. Ukumbi mzima unapiga makofi, nami napiga kuliko wote mpaka viganja vinawaka.

"Kanuni ya pili. Chombo cha mtu baki hakifungwi kwenye gati la makazi. Cha ndugu, ruksa." Korongo anageuza shingo taratibu. "Ile boti ni nani yenu?"

Boti ya Mwinshehe imesimama wima karibu na mlango, imevaa baraghashia ya mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo, Luhende anainuka. Sijui alifikaje. Ana sahani ya wali mkononi.

"Mpangaji," anasema, na kuendelea kula.

Huyo ndiye mume wangu. Hata ndotoni hajui kunyamaza.

Ukumbi unaguna. Fisimaji wawili wanaibuka majini na mitaimbo mabegani, wanaliendea gati, mmoja anapima pa kuanzia. Gati linanitazama. Napiga kelele ambayo sijawahi kuipiga nikiwa macho.

"Msimsikilize, amelala huyo! Hiyo boti ni mtani wangu! Mimi Msukuma, hiyo Mzaramo!"

Mitaimbo inasimama hewani. Korongo anavua miwani.

"Mtani ni ndugu au ni mtu baki?"

"Mheshimiwa, mtani anaingia kwako msibani, anabeba sufuria ya wali mbele ya wafiwa, anaondoka nayo, na watu wanacheka. Mtu baki angeitiwa polisi."

Korongo anawaza. Wakati anawaza, ukumbi unageuka uwanja wa mpira, nasi tumesimama katikati, majirani wako majukwaani na ndoo zao.

"Basi tanianeni," anaamua. "Atakayenuna si mtani, na gati linang'oka papo hapo."

Boti inakohoa moshi kidogo, inaanza. "Minza mtumwa wangu, nyie Wasukuma kwa kupenda ugali! Ziwa lote hili mnaliona maji ya kusongea tu."

"Na wewe injini yako haiwaki mpaka isikie ngoma! Hivi wewe uliikimbia bahari, au bahari ndiyo iliyokukimbia?"

Jukwaa linalipuka. Nacheka mwenyewe, nina raha isiyo kifani, nimesahau hata fisimaji. Kisha boti inaligeukia gati.

"Na hili nalo, kalijenga Luhende? Mbona limepinda, kama linatafuta kitu lilichodondosha?"

Ni kweli limepinda. Nyumbani kwetu neno hilo halitamkwi. Luhende anaacha kutafuna. Gati linatetemeka, msumari mmoja unachomoka, unaruka, unatumbukia ndani ya wali.

"Mwanangu," nalinong'oneza, "usinune. Nakuomba, usinune."

Gati linavuta pumzi ndefu.

"Nimeinama kwa adabu," linasema. "Wewe kila ukija umelewa petroli. Nisipoinama utanikumbatia vipi?"

Jamani! Majirani wanatupa ndoo juu. Fisimaji wanadondosha mitaimbo na kukumbatiana. Korongo, ambaye kwa umbile lake hana sauti ya kucheka, anapiga mabawa mpaka miwani inaruka.

"Ni ndugu!" anatangaza. "Boti ibaki, gati libaki! Na kanuni ya mwisho: gati limeshathibitishwa kuwa mkazi. Mkazi halali nje."

Nikapiga vigelegele. Tukalibeba mabegani mpaka chumbani, tukalilaza katikati yetu. Luhende akasogea ukutani bila kulalamika. Likaanza kukoroma, nami nikaliacha likorome.

Nikaamka jua limeshatoka. Nikabaki nimelala, nikitabasamu peke yangu, kisha nikakumbuka kwamba halmashauri ya kweli bado haijakaa, haina korongo, na haina muda wa utani. Furaha yote ikaniisha.

Luhende akajigeuza, akaruka.

"Minza! Hebu nitazame mgongoni, kuna kitu kinanichoma."

Nikampandisha fulana. Nikakiona, nikakichomoa kwa kucha: kibanzi cha mbao, kimelowa, kinanuka ziwa.

"Ni nini hicho?" akauliza.

"Ndugu yako," nikamjibu, nikatafuta kandambili zangu niwahi halmashauri.