Mwanamke wa Mbele ya Darubini

Asubuhi aliyofariki mume wangu, upande wake wa kitanda ulikuwa bado na joto. Alianguka kazini, kwenye barabara mpya, jicho likiwa kwenye darubini ya kupimia. Aliyekuwa naye ni mshika fimbo, yule mwanamke anayesimama mbele na fimbo ndefu yenye tarakimu ili mpimaji azisome kwa mbali. Yeye ndiye aliyemfumba macho. Hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe.

Miaka yote mume wangu aliondoka kabla hakujakucha.

"Jua likipanda mwanga unapinda, mama watoto."

"Mwanga umepinda, au umepinda wewe?"

Anacheka, anafunga mlango.

Watu walipotawanyika msibani, nilimfuata yule mwanamke huko huko barabarani.

"Karibu, shemeji."

"Kila siku alikuwa anakutazama wewe," nikamwambia. "Nataka kujua alikuwa anaona nini."

Hakubishana. Alinionyesha pa kuweka jicho, akaenda na fimbo yake mpaka akawa mdogo kama kidole. Jua lilikuwa limeshapanda. Kwenye kioo sikuona uso wala gauni. Niliona tarakimu tu, na zile za chini zilikuwa zinacheza kana kwamba zimezama majini.

"Soma!" akapaza sauti.

Nikasoma. Akarudi anatikisa kichwa.

"Leo alfajiri hapo hapo tumepata tarakimu nyingine. Si kosa lako, shemeji. Lami ikishika moto, hewa ya chini inakuwa nyepesi kuliko ya juu, na mwanga ukipita humo unapinda. Ndiyo maana alikuwa anatuwahisha."

Kumbe hakuwa ananidanganya. Lakini wivu haukuondoka.

"Kwa hiyo uso wako alikuwa haoni?"

"Uso? Labda vidole. Na nikivipitisha kwenye tarakimu, ananigombeza: 'Toa ndizi zako hapo!'"

Nusura nicheke. Mimi hakuwahi kunitania hivyo.

"Neno lake la mwisho lilikuwa nini?"

Aliinama, akafuta vumbi kwenye fimbo.

"Alikuwa anasoma tarakimu. Hakuimaliza."

Hata hiyo nusu ya tarakimu ilimfikia yeye, si mimi.

Siku hizi darubini anaishika yeye, na fimbo wamempa mtu mwingine. Wanaanza kabla hakujakucha, na lami ikianza kupata moto wanafunga kazi.