Ukuta wa Fundi Mihuri

Asubuhi ile fundi mihuri alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akichonga muhuri wa duka moja la dawa. Herufi za muhuri huchongwa kinyume ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke. Alikuwa amefika kwenye herufi R alipoona mpira unalainika chini ya kisu kama sabuni iliyosahaulika majini. Akaupuliza, akaendelea. Alipomaliza neno, taulo alilokuwa amelitupia mabegani, ambalo lilikuwa halijakauka tangu mvua zianze, lilikuwa limekauka mpaka limekakamaa.

Akajitazama. Mabaka ya kwenye mkono wa kulia yalikuwa yamevimba na kuiva wekundu, na ya mgongoni alihisi vilevile. Akasogeza kikombe cha chai iliyopoa karibu na kiwiko. Chai ikaanza kufuka mvuke. Akainywa.

Alikuwa akiishi peke yake katika chumba cha katikati, kwenye nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake vinatazamana uani. Ugonjwa wake ulikuwa ukoma, na dozi alikuwa ameimaliza. Kliniki walimwambia hawezi tena kumwambukiza mtu. Naye akawaambia wapangaji wenzake, nao wakasema hewala, Mungu mkubwa, kisha wakaendelea kusubiri aondoke bombani ndipo wasogeze ndoo zao. Dada yake, ambaye zamani alikuwa haishi kuja, siku hizi alimsalimu kwa simu tu, na salamu zenyewe alizikatiza kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Pacha, mke wa dereva wa malori, na watoto wake wawili wachanga. Vifua vya watoto hao vilikuwa vikikoroma kwa ubaridi. Fundi hakuwahi kuwaona kwa karibu, lakini kwa kukohoa tu alijua yupi ni yupi.

Mchana ukuta ukagongwa.

"Fundi!"

"Naam."

"Una jiko humo ndani?"

"Sina."

"Mbona ukuta una moto?"

"Ni mgongo wangu."

Mama Pacha akaupapasa tena ukuta. "Basi usihame hapo ulipo, kaka'angu. Nimeanika nepi."

Fundi hakuhama. Kufika jioni habari zilikuwa zimeenea uani kote, na wapangaji wakawa wanapokezana chumbani kwa Mama Pacha na mabeseni ya nguo. Mwenye nyumba, mama mnene aliyekuwa akitembea na funguo zake zote kiunoni, alileta godoro lililolowa. Walimwelekeza fundi kupitia ukutani: "Sogea kushoto, fundi, kuna shati la shule." Naye akasogea. "Hapo hapo, baba, tulia." Naye akatulia.

Na kwa kuwa mtu hawezi kukaa akisubiri nguo zikauke bila kusema neno, wakawa wanazungumza naye. Walimuuliza ameamkaje, amekula nini, na maoni yake kuhusu bei ya mafuta ya taa. Alijibu kwa kirefu. Alipata kujua kwamba Mama Pacha hucheka kabla hajafika mwisho wa kichekesho chake mwenyewe, hivyo mwisho hausikiki kamwe. Fundi alivicheka vyote. Vifua vya watoto vikafunguka. Kazi ya mihuri ikalala, kwani mpira ulikuwa unamyeyukia mikononi, lakini hilo halikumsumbua sana.

Kilichomsumbua ni kiwiko. Kilikuwa kikimwuma ndani kwa ndani, na maumivu yakishuka hadi kidole kidogo. Akaenda kliniki.

Muuguzi aliposogea kumpima alivua sweta, akaliweka kando. Akaanika mwavuli wake kwenye kiti karibu na bega la fundi. Kisha akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa mkono kwa ncha ya kalamu.

"Nikikugusa sema."

Fundi akawa anasema ndiyo. Palipokuwa hapahisi kitu, alijua tu kwa sababu muuguzi alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akimgusa, hivyo hata mguso ule alitamani uendelee.

"Fumbua. Vijidudu vilikwisha kufa," muuguzi alisema. "Ila kinga ya mwili wako ilikuwa imelala muda wote huo. Sasa imeamka, imekuta maiti kila mahali, imedhani ni maadui. Inapigana nao. Ndiyo hilo joto."

"Itashinda?"

"Inapigana na waliokufa, itashinda nini? Inachoma mshipa wa fahamu, basi. Hivi vidonge vitaituliza. Anza leo. Usipovinywa, vidole vitakunjika."

Alirudi akauambia ukuta.

"Vitakupoza?" Mama Pacha aliuliza.

"Ndivyo walivyosema."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Mtoto mmoja akapiga chafya. "Mimi sisemi usinywe, kaka'angu, dawa ni dawa. Ila na mvua hii, si unaiona mwenyewe? Ungevisogeza mbele kidogo tu. Wanangu ndiyo kwanza wanapumua."

Fundi akafikiri. "Naweza kuja kuwaona?"

"Wamelala."

Hawakuwa wamelala. Aliwasikia wote wawili wakicheka. Akaviweka vidonge kwenye kizingiti cha dirisha, akarudi kukaa mgongo ukutani.

Mvua ikaendelea kunyesha. Kidole kidogo kikaanza kujikunja, cha pili yake kikakifuata. Kisu kikawa kinamponyoka. Muhuri wa duka la dawa aliumaliza kwa taabu, nao ukarudishwa kwa sababu herufi zilikuwa zimelala upande. Kule upande wa pili walikuwa wakimwimbia: nyimbo za kubembeleza watoto, lakini waliimba kwa sauti ili naye asikie, asije akachoka akainuka.

Siku aliyoshindwa kufunga kifungo cha shati, alirudi kliniki.

"Nyoosha vidole," muuguzi alisema.

"Nimenyoosha."

Muuguzi akavitazama. "Ulikunywa dawa?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Mvua."

Muuguzi akatazama nje, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akamletea maji, akasimama mbele yake mpaka akameza. "Vilivyokwenda vimekwenda," alisema. "Tutashika vilivyobaki."

Fundi akapoa. Chai yake ikawa inapoa kama ya watu wengine. Lakini ukuta haukupoa. Matofali yalikuwa yamekunywa joto la kuyatosha, yakabaki nalo, na nguo ziliendelea kukauka kama kawaida. Sasa hapakuwa na haja ya kumwambia asogee kushoto.

"Mama Pacha!" aliita siku moja.

"Abee."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Akasubiri. Alisikia beseni likiburutwa, basi.

Mwenye nyumba alikuja akasimama nje ya mlango, leso puani. "Fundi, hiki chumba tumeona tukifanye cha kukaushia nguo za wote. Wewe utakaa kile cha mwisho, pale stoo. Kinavuja, lakini si sana. Joto si unalo mwenyewe?"

"Limekwisha, mama."

"Litarudi."

Alihama mwenyewe, kwa safari nyingi, kwa kuwa mkono mmoja haukushika. Wapangaji walitoka milangoni kumpa moyo. "Kunja goti, fundi, usije ukaumia mgongo!" "Hapo pana utelezi, baba, taratibu!" Hakuna aliyenyamaza.

Mama Pacha alikuwa mlangoni kwake, mtoto kila upande wa kiuno. Walikuwa wamenenepa, na mmoja alikuwa na vishimo mashavuni. Fundi akasimama na godoro kichwani kuwatazama. Mtoto mwenye vishimo akamnyooshea mkono.

"Mwambieni mjomba asante," Mama Pacha alisema, machozi ya kweli yakimlenga, akarudi nyuma hatua moja. "Mungu akuzidishie, kaka'angu."

Aliporudi kuchukua vilivyobaki, sakafu ilikuwa imekwisha kusuguliwa kwa dawa na kamba zimefungwa kutoka dirishani hadi mlangoni. Mto wake ulikuwa umewekwa nje, mvua ikiunyeshea. Akauokota kwa mkono wa kushoto, akaubana kwapani kuukamua, akaenda nao.